Kuhesabu Pumzi za Mtoto Mchanga



Sisi tunaoandika habari hizi tu mume na mke, walimu wote wawili, na kwetu ni Igalula, katika nchi ya Unyamwezi, penye stesheni ya reli itokayo pwani kabla haijafika Tabora. Mara nyingi tumesoma katika kurasa hizi mashauri ya wenzetu juu ya mashamba, na ufugaji wa kuku, na malezi ya vijana, nasi tumepata faida. Kwa hiyo twaona ni haki nasi tutoe kidogo tulicho nacho. Wala hatuandiki kama waganga, maana sisi si waganga. Twaandika kama wazazi waliokosa, ambao kosa lao nusura liwapotezee mtoto. Na mtu aliyejikwaa njiani yampasa awaonye wanaokuja nyuma penye kisiki.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka wa 2018, mwezi wa Julai, tulikuwa na mtoto mchanga wa miezi minne, wa tatu katika nyumba yetu. Wanaoijua nchi yetu wakumbuke kipupwe cha mwezi huo: mchana jua kali na vumbi, usiku baridi ya kuwafanya watu wafunge milango na kuota moto ndani. Ndugu zake wawili walirudi shuleni na mafua, wakapiga chafya siku mbili tatu, wakapona. Kisha mafua yakamshika yule mdogo. Siku ya kwanza pua zilimziba, akawa ananyonya na kuachia, ananyonya na kuachia. Siku ya pili akaanza kukohoa. Tukasema, "Ni mafua tu, mbona wenzake wamepona." Siku ya tatu kikohozi kikazidi, na kifuani ikasikika sauti nyembamba kama ya filimbi. Tukasema tena, "Kesho atakuwa hajambo."

Bibi yake mtoto, mama wa mmoja wetu, alikuwa akikaa nasi. Yeye alileta asali, maana Unyamwezi ni nchi ya asali tangu zamani, na hakuna nyumba kwetu isiyojua kuitumia kwa kikohozi. Akamlambisha mjukuu wake kidogo kwa ncha ya kidole. Tulimwona wala hatukumzuia. Jioni ile akaja mzee mmoja jirani kutujulia hali, akamtazama mtoto, akasema, "Mwalimu, huyu ana kimeo. Kimeo kikirefuka humkereketa mtoto kooni, naye hukohoa mpaka nguvu zimwishie. Yuko fundi wa kukikata, na kazi yake ni ya mara moja tu. Kesho asubuhi nitakuitia." Hatukukubali, wala hatukukataa. Tulinyamaza, na kunyamaza kwa mwenye nyumba ni nusu ya kukubali.

Usiku ule hatukulala. Mtoto aliacha kunyonya kabisa tangu saa nne, na kila alipovuta pumzi alitoa mguno mdogo kama mtu anayebeba mzigo. Tulisali, na kusali ni kwema; lakini tulisali tumeketi. Kulipopambazuka mmoja wetu alisimama akasema, "Sala haikutukataza kwenda." Basi tukamfunga mtoto kifuani kwa mama yake, tukaenda zahanati kabla fundi hajafika. Twaona haya kusema kwamba hatukukiepuka kile kisu kwa hekima. Tulikiepuka kwa hofu tu.

Katika zahanati tulimkuta mganga kijana, mwanamke, ambaye umri wake ulikuwa kama wa wanafunzi wetu wa zamani. Hakuanza kwa sindano wala kwa dawa. Alituuliza umri wa mtoto, na siku za ugonjwa, na kama ananyonya. Kisha akamfunua mtoto kifua chote, akamwacha mikononi mwa mama yake mpaka akatulia, akavua saa yake ya mkono akaiweka juu ya meza.

Akasema, "Mwalimu, hesabu nawe. Kifua kikipanda na kushuka ni pumzi moja. Tutahesabu dakika nzima."

Tukahesabu sote watatu kwa sauti ndogo. Dakika ilipokwisha tulikuwa tumefika 72.

Akasema, "Kwa mtoto wa miezi minne, zikifika 50 ni kengele. Hizi ni 72. Sasa tazameni hapa chini ya mbavu." Tukatazama. Mtoto alipovuta pumzi, kifua chake cha chini hakikutoka nje kama kifua cha mtu mzima wa afya. Kilibonyea ndani, pakawa kama pana shimo. Lilikuwapo hapo usiku kucha, nasi tulikuwa tumemfunika mablanketi mawili tusilione.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo tulipoona haya kweli. Sisi ni walimu. Kazi yetu kwa miaka mingi ilikuwa ni kuwafundisha watoto wa watu kuhesabu, tangu moja hata mia, na ubaoni, na kwa vijiti, na kwa punje za mahindi. Saa ilikuwa ukutani nyumbani kwetu. Mtoto alikuwa mikononi mwetu siku nne. Hata mara moja hatukumhesabia pumzi zake.

Mganga alimpa mtoto dawa ya kwanza pale pale, akaandika barua, akasema tusingoje hata kupika uji. Tulipata gari la jirani, tukafika Tabora kabla ya adhuhuri. Njiani tulikaa kimya, na mmoja wetu alikumbuka somo la historia tunalolifundisha kila mwaka. Barabara ya zamani ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na kutoka hapa ikaendelea mpaka Ujiji. Babu zetu Wanyamwezi waliijua njia ile kwa nyayo zao, maana wao ndio waliokuwa wapagazi. Wazungu wawili, Burton na Speke, waliiacha pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Ni zaidi ya miezi minne. Reli ilifika Tabora mwaka wa 1912, na safari ile ikawa ya siku chache. Kwetu sasa ni ya saa chache tu. Nasi wenye njia fupi namna hii tuliitumia siku ya nne ya ugonjwa, wala si siku ya kwanza ya hatari.

Sasa tuwaeleze kazi ya hospitali, maana wengi huiogopa kwa kutoijua. Wako wanaosema, "Mtoto akiwekwa mpira puani haponi." Nasi tulikuwa tumelisikia neno hilo. Lakini tumekaa pale siku sita na kuona kwa macho yetu.

Kwanza, walimbana mtoto kidoleni mwa mguu kifaa kidogo chenye taa nyekundu. Kifaa hicho huonyesha kiasi cha oksijeni kilichomo katika damu. Mtoto mwenye afya huwa karibu na 100. Akishuka chini ya 90 yampasa kusaidiwa. Mtoto wetu alikuwa 84. Mara moja wakamwekea vijirija viwili laini kwenye matundu ya pua, vikamletea oksijeni kutoka katika mashine. Tulimwuliza mwuguzi, "Sista, hewa hii yatoka wapi?" Akacheka, akasema, "Ni hewa hii hii ya chumbani, mama. Mashine huivuta, ikaichuja naitrojeni, ikabakiza oksijeni." Baada ya muda mfupi midomo ya mtoto, ambayo ilikuwa na rangi ya majivu, ilianza kurudia rangi yake. Wale wasemao kwamba mpira wa puani huua wamegeuza mambo: huwekewa yule aliye karibu na kufa, basi wakimwona amekufa hulaumu mpira.

Pili, walimpa chakula. Mtoto anayepumua mara 70 kwa dakika hana nafasi ya kumeza; maziwa yaweza kuingia mapafuni. Kwa hiyo mama alikamua maziwa yake katika kikombe safi, nayo yakapitishwa kwa mrija mwembamba mpaka tumboni, kidogo kidogo, kila baada ya saa tatu. Tatu, walimsafisha pua kwa matone ya maji ya chumvi, maana mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua, na pua ikiziba ni kama mlango wa nyumba umefungwa. Nne, walimpiga sindano za dawa, ampisilini na jentamaisini. Na tano, ambalo lilitushangaza kuliko yote, walihesabu. Asubuhi, na mchana, na usiku wa manane, mwuguzi alikuja na saa na taa yake, akahesabu pumzi, akaandika. Hospitali yote ile yenye mashine na dawa bado ilikuwa ikifanya hesabu ile ile ya zahanati.

Siku ya tatu mmoja wetu alimwuliza daktari jina la ugonjwa. Daktari alikuwa mtu mpole, akaketi ukingoni mwa kitanda akatueleza.

"Mwalimu, ndani ya mapafu mna njia za hewa zinazogawanyika kama matawi ya mti, mpaka zinakuwa nyembamba kama nyuzi. Kwa mtoto mchanga ni nyembamba mno. Zikivimba kidogo tu na kujaa makamasi, hewa haipiti vizuri. Ndiyo ile filimbi uliyoisikia. Huu twauita bronkiolaitisi. Huletwa na virusi, hasa kimoja kiitwacho RSV, ambacho kwenu watu wazima ni mafua tu. Huzidi siku ya tatu mpaka ya tano, kisha hupungua. Lakini iko nimonia, ambayo wazee waliiita kichomi, nayo mara nyingi huletwa na bakteria, na hiyo ndiyo inayosikia sindano. Dawa hizi haziui virusi hata kidogo. Ila mtoto akiwa katika hali kama hii, siwezi kuyatenga magonjwa haya mawili kwa macho na masikio tu, wala siwezi kubahatisha. Ndiyo sababu nampa sindano. Kilichomshika mpaka leo ni oksijeni, na maziwa ya mama, na kutazamwa."

Baadaye tulisoma kwamba maneno yake yamethibitika. Katika uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi saba, pamoja na Kilifi katika pwani ya Kenya, na kutangazwa mwaka wa 2019, kirusi hicho RSV kilionekana kuwa chanzo cha karibu sehemu moja katika tatu za nimonia kali kwa watoto wasio na VVU. Na huko Papua New Guinea, hospitali tano zilipopata mashine za oksijeni na vile vifaa vya kupimia, pamoja na mafunzo ya kuzitumia, hatari ya mtoto kufa kwa nimonia ilipungua kwa asilimia 35. Habari hizo zilitangazwa mwaka wa 2008.

Lakini hatuna budi kuwaambia na jambo la huzuni. Siku ya pili yetu aliletwa mtoto mwingine, wa miezi mitano, akalazwa kitanda cha pili. Mama yake alitoka mbali kuliko sisi. Yeye pia alikuwa ameambiwa kwamba ni kimeo, naye alikuwa ametii. Kimeo kilikatwa siku ya tatu ya ugonjwa, kwa kisu ambacho hakuna ajuaye kilitoka wapi. Kikohozi hakikwisha, maana kimeo sicho kilichokileta; tena juu ya ugonjwa wa kifua likaja jeraha la koo, na damu, na homa, na mtoto akashindwa kumeza. Wakangoja jeraha lipone. Alifika hospitali siku ya nane. Waliwekwa pamoja naye daktari na wauguzi wawili usiku kucha, wala hakuna walichobakiza. Alfajiri mtoto akafa.

Mama yule hakulia kwa sauti. Alimgeukia mwenzake, mama wa mtoto wetu, akamwuliza, "Wako mlimkata?" Akajibiwa, "Hapana, dada." Akasema, "Mlijuaje?" Ndugu zetu, hatukuwa na la kumjibu. Hatukujua. Tulikuwa tumemtangulia fundi kwa nusu saa.

Swali lile halijatutoka mpaka leo, na ndilo lililotufanya tuandike. Mama yule hakuwa mjinga wala mvivu; alimpenda mwanawe, akafanya aliloambiwa na wakubwa wake. Ila hakuna aliyemwonyesha jambo ambalo sisi tulionyeshwa kwa dakika moja penye meza ya zahanati. Hospitali yaweza mambo makubwa, lakini haimponyi mtoto asiyefika, na aliyefika amechoka mno mara nyingi haimwezi. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya uganga ni kazi ya nyumbani.

Wala jambo hili si maneno yetu tu. Kule Bagamoyo, mwanzo wa njia ile ya misafara, katika miaka ya 1980 wataalamu waliwafundisha wahudumu wa vijiji kupita nyumba kwa nyumba, kuwaonyesha akina mama dalili za nimonia, kuwapa dawa watoto waliougua, na kuwapeleka mbele wale waliozidiwa. Habari zake ziliandikwa mwaka wa 1986 na Mtango na Neuvians. Kwa muda wa miaka miwili, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kutoka 40 kwa kila watoto 1,000 kwa mwaka hata 29. Hawakujenga hospitali kubwa mpya kwa kazi ile. Waliwapa watu macho ya kuona mapema. Zamani Bagamoyo ilituletea nguo na shanga, nasi tukaipelekea pembe. Twaona maarifa haya ni mali bora kuliko zile zote, nayo hayamlemei mpagazi.

Katika nchi yetu yote hali imekuwa njema kuliko zamani. Katika hesabu ya taifa ya 2004 na 2005, watoto 112 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika ile ya mwaka wa 2022 walikuwa 43. Chanjo zimefanya kazi kubwa. Ile ya kuzuia bakteria aitwaye Hib ilianza kutolewa nchini mwaka wa 2009, na ile ya pneumokoki mwaka wa 2013, nazo hutolewa mtoto akiwa na majuma 6, na 10, na 14. Hata hivyo nimonia bado ni adui. Mwaka wa 2019 peke yake iliua duniani watoto zaidi ya 740,000 walio chini ya miaka mitano.

Basi, haya ndiyo tunayowaomba myaandike katika karatasi na kuibandika ukutani karibu na saa.

Mtoto akikohoa, mfunueni kifua akiwa ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Hesabuni pumzi kwa dakika nzima, si nusu dakika, maana pumzi za mtoto mchanga huenda mbio kisha zikapoa. Mtoto asiyetimiza miezi miwili, zikifika 60 au zaidi, hesabuni tena. Zikiwa vile vile, mpelekeni upesi. Mwenye miezi miwili mpaka 11, kengele ni 50. Mwenye mwaka mmoja mpaka kutimiza mitano, ni 40. Kisha tazameni chini ya mbavu: je, panabonyea ndani anapovuta pumzi? Na ziko dalili ambazo hazingoji hesabu yo yote: mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, aliyelegea wala haamki sawasawa, anayeguna kila pumzi, au ambaye midomo yake imegeuka rangi. Huyo si wa kesho. Ni wa sasa hivi. Na mchanga asiyetimiza miezi miwili, akiacha kunyonya vizuri, au akiwa na joto kali, au akipoa mwili kuliko kawaida, mpelekeni hata kama hakohoi.

Wala tusieleweke vibaya, kwamba kila mwenye mafua abebwe Tabora. Watoto wengi wakohoao hupona nyumbani. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, kidogo kidogo; asafishwe pua; afunikwe kiasi; atazamwe asubuhi na jioni. Hata mtoto anayepumua haraka, akiwa ameshatimiza miezi miwili na hana zile dalili za hatari, mara nyingi zahanati humpa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka katika maji au maziwa ya mama, akarudi kwake. Lakini dawa hizo zitolewe na mganga, na zimalizwe kama alivyoagiza. Msinunue dukani kwa kubahatisha, wala msimpe mtoto huyu masalio ya yule. Dawa za maji za kikohozi hazimfai mtoto mchanga. Na asali, ingawa ni sifa ya nchi yetu, asipewe mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, maana yaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazoleta sumu tumboni mwa mchanga, zikamlegeza mwili mpaka pumzi. Tuile sisi wakubwa.

Tena kuna moshi. Watu wengi kwetu hupika kwa kuni, na wakulima wa tumbaku hukaa karibu na mabani ya kukaushia. Mtoto aliye mgongoni huvuta moshi wote anaouvuta mama, na mapafu yake ni madogo. Jiko likitolewa nje, au dirisha likiwa wazi, na mtoto akishikwa na mwingine wakati wa kupika, ni faida isiyogharimu shilingi. Na mwenye mafua anawe mikono kabla ya kumshika mchanga, wala asimbusu usoni.

Kwa walimu wenzetu tuna neno moja zaidi. Mnajua kwamba mtoto mchanga wa kijijini hashikwi na mama yake tu. Mama yuko shambani. Anayembeba mchana ni dada yake wa miaka tisa au kumi, ambaye yu katika darasa lenu. Yeye ndiye wa kwanza kuiona pumzi inayokwenda mbio, wala hajui maana yake. Tangu mwaka ule, katika shule yetu, tukifika kwenye somo la saa na dakika, watoto huketi wawili wawili, mmoja akatulia, mwenzake akahesabu pumzi zake dakika nzima. Wanacheka sana. Lakini huhesabu, nao huandika nyumbani hesabu za wadogo zao. Mwaka wa 2021 msichana mmoja wa darasa la nne alikuja shuleni mapema, akatwambia, "Mwalimu, wetu ana 64, na mama yuko shambani." Alikwenda mmoja wetu pamoja naye mpaka zahanati. Mtoto yule alipona.

Na bibi yake mtoto wetu? Tuliporudi tulimweleza yote kwa adabu, maana hakutenda kwa ubaya. Yeye mwenyewe aliwazika watoto wawili zamani kwa kichomi, wala hapakuwa na wa kumwonyesha cho chote. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaomba afundishwe kuisoma ile saa ya ukutani. Sasa nyumba za jirani mtoto akikohoa humwita yeye, naye huenda na mjukuu mmoja wa kutazama saa, maana macho yake yamepungua. Mjukuu husema "Anza", na "Basi", na bibi huhesabu. Yule mzee jirani, aliyetaka kutuitia fundi, amekwisha kumwita mara mbili.

Mtoto wetu yu mzima, naye anasoma. Twamshukuru Mungu, na yule mganga kijana wa zahanati, na wauguzi waliohesabu usiku wa manane. Kila tumwonapo twamkumbuka yule wa kitanda cha pili, na swali la mama yake. Sasa ninyi mkiulizwa, "Mlijuaje?", mtakuwa na la kujibu.

Ndiyo tuliyotaka kuwaambia. Wasalaam.

Sisi wenzenu, walimu wawili wa Igalula.